Huduma ya uzazi kituo cha afya cha serikali Moro: jengo nyota tatu, mkunga tano

Haya wapendwa, niliahidi ntaandika nikishatoka arobaini. Arobaini imeisha zamani, mtoto saivi anatambaa anakula mchanga, ndo napata nafasi leo. Wengi mliniuliza inboksi nimejifungulia wapi na kama napashauri. Jibu fupi: napashauri, ila kwa masharti. Jibu refu ndo hili, chukua chai ukae.

Ni kituo cha afya cha serikali huku pembeni ya Morogoro mjini, ule upande ambao asubuhi ukifungua dirisha Uluguru inakutazama usoni. Jina sitaji, maana kuna mazuri ntayasema na kuna ya kuudhi pia ntayasema, na sitaki mtu aitwe ofisini kujieleza kwa sababu ya mdomo wangu. Wa Moro mtapajua tu.

Nianze na nilipotoka kwanza. Mtoto wa kwanza nilizalia hospitali binafsi Dar, nayo siitaji. Kliniki zote nilionwa na daktari bingwa na kiukweli nilikuwa najisikia mtu wa maana. Unaingia AC inapuliza, unapakwa ile jeli ya baridi tumboni, dokta anaangalia kioo cha ultrasaundi, "mtoto mzima, mapigo mazuri, tuonane mwezi ujao", umetoka. Dakika nne, tano. Sikumbuki hata siku moja aliyoniuliza nalala vipi, nakula nini, nyumbani naishi na nani. Siku ya siku nikafika saa nane usiku, dokta wangu akapigiwa simu, akasema yuko njiani. Aliyenipokea, akanipima njia, akanisugua mgongo, akaniambia sasa sukuma sasa pumzika, akampokea mtoto, akatoa kondo, akanishona nyuzi mbili, ni mdada mmoja mwembamba hivi ambaye mpaka leo jina lake silijui. Dokta anafika mtoto ameshafungwa kitovu ananyonya. Akasema "hongera mama", akasaini, akaondoka.

Bili ilivyokuja sasa. Ada ya daktari kuzalisha, hela ambayo ningelipa kodi ya miezi minne. Chumba. Dawa. Dripu. Glavu, pea kadhaa. Hadi pamba imeandikwa jamani. Mkunga hayupo kwenye ile karatasi, nimeipindua mbele nyuma. Glavu alizovaa zipo, yeye hayupo.

Wakati ule sikuwaza sana, nilikuwa na mtoto mkononi na usingizi. Nimekuja kuwaza kwenye hii mimba ya pili.

Tulihamia Moro kikazi, mimba ikaja hela haipo, jirani yangu (mama wa watoto watatu, wote kazalia pale) akaniambia nenda pale kituoni acha ubishoo. Nikaenda kwa shingo upande.

Foleni: ipo, tusidanganyane. Nilifika saa moja kasoro nikakuta wenzangu kama kumi na nane kwenye benchi, wengine wametoka huko mlimani na boda toka alfajiri. Asubuhi kabla hamjaanza kuonwa mnapewa elimu, mnasimuliwa dalili za hatari: damu, kichwa kuuma kupita kiasi, macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, mtoto kuacha kucheza, homa, chupa kupasuka kabla ya wakati. Mwanzoni nikaona tunapotezewa muda, ila wiki mbili baadaye dada mmoja wa ile ile benchi alirudi na kichwa kinauma na macho hayaoni vizuri, presha ikapimwa iko juu sana, akapelekwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Kifafa cha mimba kilikuwa kinamnyemelea. Angekuwa hajasikia yale maelezo angemeza panadol akalale, kama ambavyo mimi ningefanya.

Jambo la kuudhi namba moja: suala la mwenza. Hudhurio la kwanza wanataka uje na mume mpimwe pamoja, nia ni nzuri sipingi, ila ukija peke yako unaambiwa kalete barua ya mtaa kwanza. Mume wangu alikuwa safarini, nikazungushwa siku nzima. Kuna binti pale nje nilimwona kwa macho yangu anaongea na bodaboda aingie naye ajifanye mume, kwa elfu tano. Boda akauliza "na kutobolewa damu ni bei hiyo hiyo?" Nilicheka mpaka mtoto akaruka tumboni, ila kiukweli sio jambo la kucheka, yule binti angeweza kurudi nyumbani na asionekane tena mpaka siku ya kujifungua.

Sasa nifike kwa mwenyewe.

Ni mama wa makamo, hamsini hivi, gauni jeupe na sweta ya bluu iliyoisha viwiko. Kadi yake ya kifuani imeandikwa MUUGUZI. Wamama wanamuita sista, wengine nesi, wanaume wakija na wake zao wanamuita dokta, yeye anaitika yote. Mimi nilikuwa namuita mama na yeye ananiita mwanangu, na ntaendelea hivyo hapa pia, namuita Mama Sweta.

Ukiingia kwake haangalii kadi kwanza, anakuangalia wewe. Anakuuliza umekunywa chai? Mtoto anacheza? Nyumbani kwema? Na hilo la nyumbani anauliza akiwa ameacha kuandika. Ndo anakupima presha, anaangalia macho kama damu ipo, anakubonyeza miguu kama imejaa maji, mkojo unapimwa, unapewa vidonge vya damu, na zile SP tatu za malaria unazimeza pale pale mbele yake, hakuna cha ntameza nyumbani. "Nyinyi nawajua, mnaficha kwenye matiti."

Wiki ya 34 ilikuwa Julai, na Moro Julai kuna kibaridi. Akaosha mikono, akaisugua sugua ipate joto kwanza, ndo akaniwekea tumboni. Mkono mmoja juu huku chini ya mbavu, mwingine ubavuni, akafumba macho kabisa, anabonyeza taratibu kama mtu anayepapasa gunia ajue ndani kuna viazi au mahindi. Akatulia. Akasema "Huyu kakaa matako, mwanangu. Kichwa hiki hapa." Akachukua mkono wangu akauweka juu pale, akanisukumia vidole, nikahisi kitu kigumu cha duara, ukikigusa kinacheza cheza. Yaani nilinyamaza. Mimba ya kwanza nilipigwa ultrasaundi sijui mara sita na sikuwahi kushika kichwa cha mwanangu.

Akachukua kile kidude mfano wa faneli, upande mmoja tumboni upande mwingine sikioni, akasikiliza mapigo juu ya kitovu, ambako ndo yanasikika mtoto akiwa amekaa hivyo, huku anaangalia saa ya ukutani. Nikamuuliza kwa hiyo ntapasuliwa? Akasema tulia, bado ana nafasi, wengi wanageuka wenyewe, nenda kapige ultrasaundi tujiridhishe, asipogeuka mpaka 36, 37 nakuandikia rufaa ukajifungulie hospitali kubwa, hapa hatubahatishi. Nikaenda kupiga kwa hela yangu mjini, karatasi ikasema kile kile mikono yake ilichosema. Wiki ya 37 akanishika tena, akatabasamu, "kageuka huyu, mtundu."

Mnaona sasa. Mtu aliyejua kilichopo ndani kwa vidole, aliyejua lini asubiri na lini aniondoe mikononi mwake anipeleke kwa wenye kisu. Kwangu mimi huo ndo udaktari kama udaktari ni kujua. Ila kazi yake ina jina lake, na hilo jina kifuani kwake halipo.

Nilimuuliza mdogo wangu maana anasoma diploma ya uuguzi na ukunga. Akaniambia dada, hapa kwetu vitu hivyo vimefungwa kamba moja, chuoni unasoma vyote viwili, sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, baraza linalotoa leseni nalo ni la Uuguzi na Ukunga, ukitoka umeajiriwa kama muuguzi. Digrii ya ukunga peke yake ipo, Muhimbili kwa mfano wanatoa, ila ukifika kituoni mganga mfawidhi anakupanga kutokana na upungufu, leo leba, mwezi ujao chanjo, mwezi mwingine wodi ya wanaume unachoma sindano. Nikamuuliza hivi fundi cherehani unaweza kumwambia mwezi huu kashone viatu si vyote sindano na uzi? Akacheka akasema usiandike hivyo watu watachukia. Nimeandika.

Na kuna kitu kingine nadhani kinatuharibia, ni neno lenyewe. Mtaani ukisema mkunga mtu anawaza bibi wa kijijini na wembe na kanga kuukuu. Aliyesoma miaka mitatu, ana leseni, anajua kujaza patografu (ile karatasi ya kufuatilia uchungu unavyoenda), huyo tunamuita nesi. Mama mkwe wangu nilimwambia nimepata mkunga mzuri, akashtuka, "unazalia kwa mkunga na hospitali zipo?" Wakati ile methali ya usitukane wakunga na uzazi ungalipo tunaijua wote, tunaitumia kwenye siasa, ofisini, kwenye mapenzi, wakunga wenyewe ndo hatuwakumbuki.

Siku yenyewe. Uchungu ulianza saa kumi jioni, nikakomaa nyumbani kama alivyoniambia, nikaoga, nikala, saa tatu usiku bajaji. Kwenye begi: kanga sita, beseni, ndoo, mpira wa kutandika kitandani, pamba, glavu, nyembe, kamba za kitovu, vya mtoto. Sera inasema mama mjamzito huduma bure na kweli sikulipia kitanda wala kuzalishwa, lakini hivyo vifaa nimenunua mwenyewe na siku ile kituo hakikuwa na glavu za kutosha, kwahiyo anayeenda akitegemea neno bure atapata presha ya bure.

Leba kulikuwa na wanawake watatu na mkunga mmoja. MMOJA. Kwa bahati yangu zamu ilikuwa ya Mama Sweta. Akanipima, njia imefunguka sentimita nne. Akanipangia karatasi yake ya patografu, na hapo ndo niliona kazi jamani. Kila nusu saa anasikiliza mapigo ya mtoto, anaandika. Anakaa kando yako mkono uko tumboni, anahesabu dakika kumi uchungu unakuja mara ngapi na unakaa sekunde ngapi, anaandika. Anaenda kwa mwingine, anarudi. Ule mchoro una mstari, akaniambia njia ikifunguka vizuri nukta zako zinakuwa upande huu wa mstari, zikivuka ng'ambo ile nakuhamisha, sikusubirishi. Umeme ukakatika saa sita hivi, akawasha tochi ya simu akaibana mdomoni akaendelea kuandika. Na tochi mdomoni anasema "hm, hm, pumua." Hiyo picha haitanitoka.

Jambo la kuudhi namba mbili, mmoja wa wale wenzangu alikuwa mtoto mdogo tu wa miaka kumi na saba hivi, mchana kabla ya ile zamu kuna mhudumu mwingine alimsema maneno machafu, unalia nini wakati wa kuitafuta ulilia, yale yale tunayoyajua. Alisimulia huku anatetemeka. Kwahiyo nikisema napashauri sisemi wote pale ni malaika. Lugha chafu leba bado ipo na inawafanya wasichana waogope kurudi. Mama Sweta alimfunika kanga yake mwenyewe, hakusema kitu.

Saa nane na dakika kumi mtoto akatoka, kichwa kimetangulia, mtundu kweli. Akawekwa kifuani kwangu, na hapo hapo nikahisi sindano ya paja, ndani ya dakika moja. Oksitosini yuniti kumi, ya kubana mfuko wa uzazi usivuje damu. Kondo likatoka, akalibeba akalikagua chini ya tochi anageuza geuza kama mtu anayekagua chapati imeiva, anaangalia kama limetoka zima. Nikajua tumemaliza.

Hatukumaliza. Nikaanza kusikia ubaridi na kitu cha moto kinanitiririka. Kanga ya kwanza, ya pili. Sauti yake ndo ilinishtua, ilikuwa ile ile haijapanda hata kidogo, ila maneno yamekuwa mafupi. Akambeba mtoto akampa dada yangu. Mkono wake tumboni kwangu anausugua mfuko kwa nguvu, inauma kuliko uchungu wenyewe. Mpira wa mkojo ukaingizwa, kumbe kibofu kilijaa na kibofu kikijaa mfuko haubani vizuri. Dripu na dawa nyingine ndani. Akaangalia kama nimechanika. Huku anafanya hayo anamwambia mlinzi mlangoni kamwamshe daktari, na anamwambia dada yangu shika simu yangu hii, nikikuambia piga unapiga 115, usipige kabla. 115 ni ile namba ya bure ya mfumo wa m-mama, wanatafuta gari linakuja kukubeba kwenda hospitali kubwa, hata kama ambulensi ya kituo haipo. Hakuwahi kusema piga. Mfuko ukabana, ukawa mgumu kama chungwa, akauweka mkono wangu juu yake kama alivyouweka kwenye kichwa cha mtoto Julai. "Usugue mwenyewe, ukilegea niite."

Daktari akaja, kijana mpole, katembea haraka mpaka kandambili zimepishana, akaniangalia, akamuuliza Mama Sweta maswali matatu, akasema "umemaliza kila kitu mama", akaandika maelekezo, akaondoka. Simlaumu hata kidogo, alikuja na alisema ukweli.

Mdogo wangu alinieleza baadaye kwamba damu kutoka nyingi baada ya kujifungua ndo inaongoza kuua wazazi duniani, na kwamba kuna utafiti mkubwa ulitoka 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na sisi Tanzania tukiwemo, ambao walifanya hivyo hivyo tu, kupima damu mapema na kutoa matibabu yote kwa pamoja bila kusubiri moja lishindwe kwanza, na damu kali na madhara yake makubwa yakapungua kwa asilimia 60. Hakuna mashine ya ajabu. Mikono, dawa, mtu anayejua na yupo karibu. Kwenye utafiti wa taifa wa 2022 vifo vya wazazi vilikuwa 104 kwa kila vizazi hai laki moja, ule wa 2015/16 vilikuwa 556. Nikisikia hizo namba kwenye redio wanashukuru majengo, ambulensi, uongozi, sawa, vyote vimesaidia, jengo la upasuaji pale kituoni lipo na ni zuri. Ila usiku ule jengo la upasuaji lilikuwa limefungwa kufuli na mimi nipo hapa naandika.

Asubuhi yake mama mkwe akaja na supu, na kitenge kipya doti nzima cha kumshukuru aliyeniokoa. Akaingia wodini, akamkuta yule daktari kijana anapita raundi na koti lake jeupe, akampiga magoti kabisa, akamkabidhi kitenge. Kijana akaona aibu, anasema "hapana mama, sio mimi, ni sista wa usiku." Mama mkwe anadhani ni unyenyekevu, ndo anazidi kumshikisha. Mama Sweta wakati huo alikuwa dirishani anakabidhi zamu, anaelezea mgonjwa kwa mgonjwa, na mkoba begani. Akaniona ninamwangalia. Akapungia mkono akaenda kupanda daladala.

Kitenge daktari alikituma kwake baadaye, nimethibitisha. Kijana mstaarabu.

Wodi ya wazazi: safi kiasi, chandarua kipo. Tulilala wawili wawili siku ile maana tulijaa. Vyoo nyota moja, na hiyo moja nawapa kwa sababu mlango unafungwa, maji yalikuwa kwenye pipa na kopo limetoboka. Chakula unaletewa na ndugu. Kesho yake kabla ya kuruhusiwa mtoto alichanjwa, mimi nikafundishwa kunyonyesha vizuri, nikaambiwa nirudi siku ya saba, na wiki ya sita.

Wiki ya sita ndo nikaona sanduku la maoni ukutani na fomu zake. Nikasema leo naandika. Fomu nzuri imechapwa, ina visanduku vya kuweka tiki, umehudumiwa na nani: Daktari, Muuguzi, Maabara, Famasia, Mapokezi, Usafi. Ulinzi pia upo! Nikatafuta mkunga. Hakuna. Nikauliza pale dirishani natiki wapi, nikaambiwa weka kwa muuguzi ni yule yule. Nikasema sio yule yule. Nikachora kisanduku changu pembeni kwa kalamu, nikaandika MKUNGA, nikatiki "Nzuri sana" mpaka karatasi ikatoboka. Sijui kama kuna mtu atahesabu tiki ya kisanduku ambacho hakipo.

Ndo maana nimeamua kuandika huku, angalau huku visanduku najichorea mwenyewe. Na mwezi uliopita Mei 5 ilikuwa siku ya wakunga duniani, mngejuaje, kwenye simu yangu niliona watu wawili tu wameposti. Mei 12 siku ya wauguzi ndo nikaona keki na mishumaa.

Kwa anayetaka kwenda: fika kabla ya saa moja, Jumatatu epuka kunajaa. Anza kliniki mapema ukijua tu una mimba, WHO toka 2016 wanasema mahudhurio nane sio yale manne ya zamani, usisubiri tumbo lionekane. Mume asipokuwepo chukua barua ya mtaa kabisa usizungushwe. Nunua vifaa mapema taratibu, usingoje wiki ya mwisho. Kama una historia ya kupasuliwa, presha, sukari au mapacha watakuandikia rufaa ya hospitali kubwa, usigombane nao wala usione umefukuzwa. Na ukihudumiwa uliza jina. Mimi la yule mdada wa Dar sikuuliza na linanisumbua.

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika hapa, ila wiki hii nimempeleka mtoto chanjo ya surua ya miezi tisa, nikapitia leba na mandazi kumsalimia Mama Sweta. Hayupo. Nikaambiwa yuko OPD, kule kwa wagonjwa wa nje. Nikamkuta kwenye korido, meza ndogo, anapima joto na uzito wa watu wazima wanaokohoa, anaandika kwenye daftari kubwa, sweta ile ile. Nikamwambia mama huku unafanya nini? "Nimepangiwa huku mwanangu, toka mwezi wa tatu. Kuna upungufu." Nikamuuliza leba yupo nani. Akasema kuna kijana mmoja mzuri, ana moyo, bado mgeni tu, usiku akikwama ananipigia nyumbani.

Kwahiyo zile nyota tano kwa leo zipo kwenye korido ya OPD, mjue kabisa.

Sikumwambia mimi ni nani, anazalisha wangapi atanikumbukaje. Foleni nyuma yangu imeanza kunung'unika nikataka kuondoka. Akamtazama mtoto mgongoni, akamshika kile kichwa kwa vidole vyote, akafumba macho kidogo.

"Huyu si ndo yule alikuwa amekaa matako?"